Koyote ametusindikiza asubuhi, na kuku wawili wameuawa: tufanyeje?

MamaWawili (Aurora, Colorado)

Wapendwa, habari zenu. Ninaomba ushauri wa wale waliokaa Marekani muda mrefu kuliko mimi, hasa waliowahi kufuga huku, kwa sababu jambo lililonifika limeanza kuninyima usingizi. Nilizaliwa Singida, nikakua nikijua fisi ni nani na bweha ni nani, na nikijua pia mtu afanye nini mmoja wao anapokuja bomani. Huku ninakutana na mnyama anayefanana na bweha lakini ni mkubwa kuliko bweha, asiyejali taa za barabarani wala magari, na tabia zake sizijui.

Nyumba yetu iko mwisho wa mtaa, na nyuma yake kuna korongo linalopitisha maji ya mvua, lenye nyasi ndefu na vichaka. Tangu mwezi wa tatu tumekuwa tukiwaona koyote wakipita humo jioni, mmoja au wawili, nasi tukawaacha wapite. Wiki iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nikitembea kando ya korongo na mbwa wetu mdogo, ambaye hazidi kilo 6, nikamwona koyote amesimama juu ya ukingo akitutazama. Tulipoondoka akatufuata. Hakukimbia wala hakubweka. Alikuja nyuma yetu kwa umbali wa kama hatua 20, tukisimama naye anasimama, tukienda naye anakuja, mpaka tulipozifikia nyumba za kwanza ndipo akageuka na kurudi. Siku tatu baadaye tuliamka tukakuta kuku wetu wawili kati ya watano wamekufa ndani ya banda, karibu kabisa na wavu, na mmoja wao hana kichwa. Mlango ulikuwa umefungwa kama tulivyouacha.

Mume wangu ameamua kwamba mhalifu ni koyote huyohuyo, na anataka kununua mtego au kuweka nyama yenye sumu kule korongoni. Mimi nina mashaka makubwa, kwa kuwa watoto wa mtaa mzima huchezea huko, na wangu wa mwisho ana miaka 4. Usiku nao wanalia kwa sauti zinazomfanya mtu adhani kundi la 15 limeizunguka nyumba. Je, mnyama huyu alikuwa akituwinda? Na tunaweza kumwondoa kwa njia isiyowahatarisha watoto?

BabaImani (Chicago)

Dada, pole kwa kuku na pole zaidi kwa hofu. Huu ni mwaka wangu wa 21 katika viunga vya Chicago, na koyote wamo katika msitu wa hifadhi ulio ng'ambo ya barabara yetu. Suala la kuku nitawaachia wengine, kwa sababu sijawahi kuwafuga.

Ulichokiona hakikuwa uwindaji. Koyote anayewinda hunyata na kujificha, wala hataki umwone. Huyu alisimama mahali pa wazi, akahakikisha kwamba umemwona, akakufuata mpaka kwenye mpaka anaoujua yeye, kisha akarudi. Watafiti wa huku hulitaja tendo hilo kwa neno lenye maana ileile uliyoitumia wewe, kusindikiza, na kwa hakika alikuwa akimtoa mgeni nyumbani kwake. Koyote hupandana kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, mimba hukaa siku 63 hivi, na watoto, mara nyingi wanne hadi saba, huzaliwa mwezi wa nne au wa tano. Wakati kama huu, mwanzoni mwa mwezi wa sita, watoto wamekwisha kutoka shimoni na wanacheza mlangoni, na hapo ndipo baba na mama, ambao hulea kwa pamoja, wanapokuwa wakali kuliko msimu mwingine wowote. Anayewaudhi hasa si wewe bali mbwa wako, kwa kuwa machoni pao mbwa, hata akiwa wa kilo 6, ni mtu wa ukoo wao aliyeingia katika himaya isiyo yake.

Kwa hiyo badilisha njia yako ya asubuhi kwa wiki sita au nane, hata kama ni usumbufu. Ukikutana naye tena, mbebe mbwa, mtazame koyote usoni, na urudi nyuma polepole bila kukimbia na bila kumpa mgongo. Karibu na shimo lake usijaribu kumtisha, kwa sababu hatawaacha watoto wake akakimbia. Akija uani kwako, hapo mambo ni tofauti kabisa: simama wima, inua mikono, piga kelele, gonga masufuria, mmwagie maji ya mpira, tikisa kopo lenye sarafu, na usiache mpaka aondoke machoni pako. Wengi hukosea hapa. Hupiga kelele mara moja, koyote husogea hatua chache na kusimama, nao huingia ndani wakijiona wamemaliza kazi, kumbe wamemfundisha kwamba kelele za binadamu hupita tu kama upepo.

Kuhusu vilio vya usiku, usihesabu koyote kwa masikio. Koyote mmoja hubadilisha sauti haraka sana, kutoka kubweka hadi kulia hadi kupiga kelele nyembamba, na mwangwi wa korongo na kuta za nyumba huzidisha sauti hizo; mume na mke wawili wanatosha kukufanya uape kwamba ni kundi zima.

Ningependa pia ujue wanachokula, kwa sababu jambo hilo ndilo lililobadilisha mawazo yangu mimi mwenyewe. Tangu mwaka 2000 mtafiti Stanley Gehrt wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio amekuwa akiwafuatilia koyote wa eneo letu kwa kuwavisha shingoni mikanda yenye redio, na timu yake ilichunguza sampuli zaidi ya 1,400 za kinyesi chao. Panya na wanyama wadogo wa jamii hiyo walionekana katika asilimia 42 ya sampuli, matunda katika 23, paa wa huku katika 22, sungura katika 18, na paka katika kama asilimia moja tu. (Ukijumlisha utapita mia, kwa kuwa sampuli moja huwa na vyakula kadhaa.) Wengi wao huishi katikati ya mamilioni ya watu bila kuonekana, na kinachowaua kuliko kitu kingine chochote ni magari. Mwaka 2007 koyote mmoja aliingia katika mkahawa wa sandwichi katikati ya jiji mchana kweupe, akajilaza ndani ya jokofu la vinywaji mpaka wahusika walipokuja kumchukua, na hakumgusa mtu.

Sisemi kwamba hawana madhara. Katika kumbukumbu za Marekani na Kanada kuna vifo viwili vya watu vilivyosababishwa na koyote: mtoto wa miaka 3 huko Glendale, California, mwaka 1981, na mwimbaji kijana Taylor Mitchell, aliyeshambuliwa akitembea katika hifadhi ya Cape Breton Highlands huko Nova Scotia mwaka 2009. Kuumwa bila kufa hutokea mara nyingi zaidi, na watoto wadogo ndio walio hatarini. Mtoto wako wa miaka 4 asiachwe peke yake uani alfajiri wala jioni, na mfundishe asikimbie bali apige kelele na kukuita.

FundiWaMabanda (Tucson)

Mama, soma tena maneno yako mwenyewe: kuku wamekufa ndani ya banda, mlango umefungwa, miili iko karibu na wavu, kichwa hakipo. Koyote hafanyi kazi namna hiyo. Koyote akifika kwa kuku humchukua akaenda naye, na asubuhi unabakiwa na manyoya machache na nafasi tupu. Asipoweza kumtoa, utaona amechimba chini ya ukuta au amerarua kitu. Kuku aliyevutwa kichwa kupitia kwenye matundu ya wavu ameuawa na rakuni. Huyo ni mnyama mwenye vidole kama vya mtoto, anaweza kufungua komeo la kawaida, na hushika kuku aliyelala akiegemea wavu, akavuta kinachopita na kuacha kisichopita. Bundi mkubwa wa huku pia hukata vichwa, lakini lazima aingie ndani, na umesema banda lilikuwa limefungwa.

Kosa liko kwenye wavu. Unaouzwa kwa jina la wavu wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, ulitengenezwa kumzuia kuku asitoke, na haumzuii adui asiingie. Nunua wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, uukaze kwa skrubu na washa (visahani vidogo vya chuma vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu) badala ya pini, ufunike na sehemu ya juu, kisha chini ulaze wavu huohuo juu ya ardhi kuelekea nje kwa upana wa sentimita 40 hivi, uufukie kidogo. Mchimbaji huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi, akigonga chuma huchoka. Hana akili ya kurudi nyuma nusu mita akaanzia huko. Komeo liwe la hatua mbili, lile ambalo wewe mwenyewe unalazimika kutumia mikono yote miwili kulifungua. Ndani inua kichanja cha kulalia kiwe katikati ya banda, mbali na kuta zote, ili hata mkono ukiingia usimfikie kuku.

Uzio wa ua mzima ni suala la fedha. Koyote hupanda na kuruka uzio wa futi 5 bila shida. Futi 6 na kuzidi, pamoja na bomba linalozunguka juu ya ukingo ili miguu isipate mahali pa kushika, humzuia. Kama fedha ni kidogo, usigawanye kidogo huku na kidogo kule: tengeneza banda liwe imara kabisa, uzio utasubiri.

Ulipowazika hao kuku natumaini ulivaa glavu. Rakuni, skanki (mnyama mdogo wa huku anayerusha harufu mbaya) na popo wa huku wanaweza kubeba kichaa cha mbwa, kwa hiyo mbwa wenu awe amechanjwa, na watoto wasimguse mnyama yeyote wa mwituni anayezubaa mchana, hata akionekana mpole namna gani. Upole huo mara nyingine ndio ugonjwa wenyewe.

MfugaMbuzi (Idaho, karibu na Twin Falls)

Mama MamaWawili, salamu kutoka kwa ndugu yako wa Kivu. Mimi ninafuga mbuzi, na sitazungumza kwa upole wote alioutumia ndugu wa Chicago, kwa kuwa nimewahi kuokota miguu ya wanambuzi asubuhi, na hasara hiyo hakuna aliyeilipa. Ninaielewa hasira ya mume wako kabisa. Hata hivyo ninamwomba aache sumu, na nitaeleza sababu zangu.

Sababu ya kwanza ni sheria. Mwaka 1996 wapiga kura wa Colorado walipitisha marekebisho ya katiba ya jimbo yanayokataza kuua wanyamapori kwa sumu, kwa vitanzi na kwa mitego ya kubana mguu, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mgeni mwenye makaratasi ya uhamiaji yanayoshughulikiwa hapaswi kujiingiza katika kesi ya namna hiyo kwa ajili ya kuku wawili. Tena sumu haichagui. Nyama utakayomwekea koyote italiwa na mbwa wa jirani, na mzoga wa mbwa huyo utaliwa na tai. Hata sumu ya panya inayouzwa madukani hupita kutoka kwa panya hadi kwa anayemla panya, na tangu mwaka 2021 sheria ya California imezibana zile sumu za panya zilizo kali zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Jambo la pili nililijifunza kwa fedha zangu. Mwaka wangu wa kwanza nililipa mtu akawaua koyote watatu. Kabla ya majira ya baridi kwisha walikuja wengine, na hawa walikuwa wabaya zaidi, kwa sababu wale wa kwanza walikuwa wenyeji waliokwisha kuzoea kula panya wa mashamba, na hawa wapya walikuwa vijana wasio na makao wanaojaribu kila kitu. Koyote wawili wenye himaya huilinda wasiingie wengine. Ukiwaua, umefungua mlango. Na wanapopungua, wale waliobaki hupata chakula kingi, hivyo watoto wengi zaidi huzaliwa na kukua. Serikali ya Marekani imepigana na mnyama huyu kwa nguvu zake zote tangu sheria ya mwaka 1931 ya kuangamiza wanyama waharibifu, kwa sumu, kwa mitego na kwa bunduki kutoka angani, na mpaka sasa idara yake ya kilimo huua makumi ya maelfu kila mwaka. Matokeo yake ni kwamba koyote, aliyekuwa mnyama wa nyanda na majangwa ya magharibi, leo yuko katika kila jimbo isipokuwa Hawaii, na kusini amefika Panama. Aliyekuwa akimzuia kweli alikuwa mbwa-mwitu mkubwa wa huku, anayeitwa wolf. Mbwa-mwitu hao waliporudishwa katika hifadhi ya Yellowstone mwaka 1995, koyote wa baadhi ya maeneo ya hifadhi ile walipungua karibu nusu. Lakini wewe huwezi kuweka mbwa-mwitu Aurora.

Kumnasa na kumpeleka mbali nako hakufai. Ni kosa kwa mtu binafsi katika majimbo mengi, na koyote aliyetupwa mahali asipopajua hurudi, au hugongwa na gari akijaribu kurudi.

Kilichoniokoa mimi ni mambo ambayo wazee wetu wangeyatambua mara moja. Mbuzi hulala zizini kila usiku, majike wenye mimba huzaa ndani ya banda, kondo la nyuma na mizoga huzikwa siku hiyohiyo, na pamoja na mbuzi wanalala mbwa wawili wakubwa weupe wa aina inayotoka milima ya Pyrenees, waliolelewa na mbuzi tangu wakiwa wadogo mpaka wakawaona mbuzi kuwa ndugu zao. Hapa Idaho kwenyewe, katika kituo cha serikali cha utafiti wa kondoo huko Dubois, mbwa wa aina hii walijaribiwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Tangu niwapate, mwaka wa nne huu, nimepoteza mwanambuzi mmoja.

Mahali ninapotofautiana na ndugu yetu ni hapa: koyote aliyekwisha kumkaribia mtoto mchana bila woga, au aliyemuuma mtu, hafundishiki tena. Huyo apigiwe simu ofisi ya wanyamapori ya jimbo siku hiyohiyo na aondolewe. Huyo wa kwenu hajafika huko.

BabaImani (Chicago)

Ninakubaliana na MfugaMbuzi katika hilo la mwisho, na ninamshukuru kwa kulisema. Nitaongeza tu kwamba koyote hafiki hatua hiyo peke yake. Baada ya kifo cha Glendale ilijulikana kwamba watu wa mtaa ule walikuwa wakiwalisha koyote, wengine kwa makusudi na wengine kwa mabaki waliyoyaacha nje, na makumi ya koyote walinaswa katika eneo dogo kuizunguka nyumba ile. Dada, zunguka mtaa wako jioni, si kwa ajili ya kuwatafuta koyote bali chakula: mapipa ya taka yasiyo na mfuniko, matunda yaliyoanguka, mbegu za ndege zinazomwagika chini na kuvuta panya, bakuli za paka. Nina wasiwasi na jambo moja katika maelezo yako. Koyote anayepita kila jioni tangu mwezi wa tatu, njia ileile, ana mahali anapokwenda.

MamaWawili (Aurora, Colorado)

Ndugu zangu, ninarudi baada ya siku tisa kuwapa taarifa, na ninawashukuru sana.

FundiWaMabanda alisema kweli. Mume wangu hakuamini mpaka alipoazima kamera ndogo ya usiku kutoka kwa mwenzake wa kazini na kuifunga juu ya banda. Usiku wa pili, saa nane na dakika kumi, alikuja rakuni mkubwa na wadogo watatu nyuma yake. Alijaribu komeo kwanza, akalizungusha kwa vidole vyake kama mtu anayetafuta ufunguo, kisha akazunguka banda zima akiingiza mkono kwenye kila tundu la wavu. Kuku tulikuwa tumewaingiza stoo, hivyo hakupata kitu. Koyote hakuonekana kwenye kamera hata mara moja. Mume wangu aliitazama picha ile mara tatu, akanyamaza, na Jumamosi akaenda kununua wavu wa nusu inchi. Habari ya sumu haijatajwa tena nyumbani.

Maneno ya BabaImani yalinisumbua zaidi, kwa hiyo nilizunguka mtaa. Nyumba ya nne kutoka kwetu anaishi bibi mmoja mzee, mjane, ambaye kila jioni huweka sahani tatu za chakula cha paka kwenye ngazi zake za nyuma zinazotazama korongo. Anawalisha paka wawili wasio na mwenyewe, na alikuwa akifurahi kuona sahani zimeisha kabisa kila asubuhi. Sikutaka kumwendea kama mshtaki. Nilimpelekea mandazi, tukakaa, nikamweleza juu ya mbwa wetu na juu ya mtoto, na ndipo akaniambia kwamba paka mmoja hajamwona tangu wiki ya Pasaka. Alilia. Tumepatana kwamba atawaita paka mchana, akae nao wakila, na kuingiza sahani ndani wakimaliza. Mwanangu mkubwa wa miaka 9 atamsaidia akitoka shule, kwa kuwa magoti ya bibi yanamsumbua na ngazi ni za mbao.

Njia ya asubuhi tumeibadilisha. Juzi jioni, nikiwa dirishani ghorofani, niliwaona watoto wa koyote watano wakifukuzana kwenye nyasi, na mama yao amelala ukingoni, pale pale aliposimama siku ile. Nilipofungua dirisha alinyanyua kichwa, akanitazama, akawaongoza watoto kurudi vichakani.

FundiWaMabanda, nina swali moja limebaki: huo wavu wa kulaza chini, tuufukie kina gani mahali penye mizizi ya mti, ambapo jembe haliingii?

FundiWaMabanda (Tucson)

Usiikate mizizi. Laza wavu juu ya ardhi palepale, upange mawe mazito juu yake kwa upana wote, na uukaze kwenye ukuta wa banda kwa skrubu kila baada ya sentimita 15. Nyasi zikiota kupitia ndani yake utakuwa umeshikwa na ardhi yenyewe. Kabla ya hapo uwe unayakagua mawe kila Jumapili.